Jina Ndani ya Zawadi

Watu wa Tunis wakisikia kitu cha bure, hata asiyekihitaji huja kutazama. Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile ya mwezi wa Machi, vijana wa klabu ya programu huria walipofungua ukumbi wa chuo cha uhandisi na kutangaza: leteni kompyuta zenu, tuwawekee Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta usiouzwa, bila malipo. Kufikia saa sita mchana hapakuwa na pa kutia mguu. Nyaya zilitambaa sakafuni, trei ya fricassé, vimkate vya kukaangwa vilivyojazwa samaki wa tuna na pilipili ya harissa, ilipita juu ya vichwa vya watu, na mtu mmoja alikuwa akipiga kelele kuuliza nani kachomoa chaja yake.

Katikati ya fujo hiyo alikaa Mehrez, kijana wa miaka thelathini, shati jeupe limepigwa pasi na mama yake mpaka kola ikasimama wima. Kwenye meza yake palikuwa na kibao: JENGA MWENYEWE. Mehrez alikuwa wa kundi la wale wasiotia kwenye kompyuta programu iliyotengenezwa tayari na mtu mwingine. Yeye huchukua msimbo, yaani maandishi yaleyale aliyoyaandika mtunzi wa programu, akaijenga programu hapohapo kwenye mashine, hata ikichukua siku nzima. Mbele yake alikaa mwalimu mstaafu wa jiografia aliyefika saa tatu asubuhi.

"Mwanangu," mwalimu alisema, "nimekwenda kusali, nimerudi. Bado inaandika tu?"

"Inajijenga, mwalimu. Subira."

"Subira ninayo. Umri ndio sina."

Meza ya jirani mtu akacheka. Mehrez aligeuka kwa hasira, na hasira ikamwisha njiani. Aliyecheka ni msichana mwenye nywele za mawimbi alizozifunga juu kwa kalamu ya risasi, gauni la jinzi, viatu vyekundu, na mbele yake foleni ya watu kumi na watano iliyokuwa ikisogea upesi.

"Mwalimu, njoo kwangu," alisema. "Dakika kumi tu, umemaliza."

"We dada," Mehrez akaruka, "huyo mteja wa watu!"

"Mteja wako ana njaa, kaka. Wewe unamwambia asubiri ngano iote. Mimi nina mkate."

"Mkate kaoka nani? Katia nini ndani?"

"Nimeoka mimi. Nimetia unga na chumvi. Una swali jingine?"

Mehrez alikuwa na maswali tele, lakini aliviangalia vile viatu vyekundu na yote yakamtoka kichwani. Baada ya dakika kumi na mbili mwalimu aliondoka na kompyuta yake kwapani, akimwombea msichana Mungu ampe mume mwema. Mehrez aliisikia dua ile ikamchoma. Mume gani tena? Hata jina lake alikuwa hajalijua, na tayari alikuwa na wivu na mumewe!

Jina lake lilikuwa Olfa. Alilipata jioni, wakati wa kukunja nyaya, pamoja na namba ya simu.

"Nakupa kwa ajili ya kazi," Olfa alimwambia.

"Kazi gani?"

"Ya kukufundisha kwamba mtu hafi akila alichopika mwenzake."

Somo likaanza usiku uleule kwa simu, na kuanzia hapo halikupita siku wasizungumze. Olfa alimweleza shughuli yake. Alikuwa akitunza ghala la vifurushi: programu alizozijenga mara moja nyumbani kwake Bardo, akazifunga vizuri, akatia saini yake, ili zahanati, maktaba na shule zenye intaneti dhaifu, kuanzia Kef mpaka Tataouine, wazichukue tayari bila kuhangaika. Vifurushi elfu moja na mia nne. Hakuna aliyemlipa.

"Na wote hao wanakuamini tu?" Mehrez aliuliza.

"Wananiamini."

"Bila kusoma msimbo?"

"Muuguzi wa Tataouine ana wagonjwa arubaini mlangoni, mpenzi. Asome msimbo saa ngapi?"

Lile neno *mpenzi* lilimtoka Olfa kwa bahati mbaya. Kisha wote wawili wakacheka kama wendawazimu, na tangu siku hiyo hawakurudi nyuma.

Sasa, Mehrez alikuwa na kasoro moja, nami sitamfichia. Alikuwa na wivu, na si wivu wa kawaida. Ule wa kawaida watu husema ni chumvi ya mapenzi. Wake ulikuwa chumvi iliyomwagika chunguni. Kwenye ukurasa wa ghala la Olfa watu waliandika shukrani: Asante Olfa, umeniokoa; Olfa, Mungu akuweke. Mehrez alisoma majina ya waandikaji mmoja mmoja, akawagawa wanaume na wanawake, kisha akawagawa wanaume, vijana na wazee. Siku moja walikaa kwenye mkahawa wa mtaa wa Lafayette, mhudumu akamletea Olfa kahawa ya kapusini kabla hajaagiza.

"Huyu kajuaje kwamba hutii sukari?"

"Nakuja hapa tangu niko mwaka wa kwanza, Mehrez."

"Na mimi je? Mbona mimi kaniuliza?"

"Kwa sababu wewe umekuja leo tu, laazizi wangu. Kunywa, inapoa."

"Anatabasamu sana huyu."

"Ana meno mapya. Kila mtu anamwonyesha." Olfa alimshika mkono chini ya meza. "Nikikuambia niko na wewe tu, inatosha au hujaridhika?"

"Inatosha," Mehrez alisema, huku jicho likimfuata mhudumu mpaka jikoni.

Mwezi wa Septemba Mehrez alitimiza miaka thelathini na mmoja. Alikuwa anapiga udi, ile ala ya nyuzi, vibaya lakini kwa moyo, na kwa miaka mingi alikuwa akitafuta programu moja ya kumwongoza kulegeza na kukaza nyuzi zifuate makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kitunisia. Mtunzi wake aliitelekeza zamani. Mehrez mwenyewe alijaribu kuijenga mara tatu, ikamshinda mara tatu, mara ya tatu akaitukana. Asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa simu ililia.

"Fungua kompyuta, kipenzi," Olfa alisema. "Kuna kifurushi nimekuwekea. Cha mtu mmoja tu duniani."

"Cha nini?"

"Usiulize. Kiweke tu."

"Msimbo wake uko wapi niangalie kwan..."

"Mehrez."

Mehrez aliitazama saini ya Olfa kwenye kioo. Katika maisha yake hakuwahi kuingiza kitu ambacho hakukijenga kwa mkono wake. Akabonyeza. Haikuchukua hata sekunde nne. Programu ile ile iliyomshinda miaka yote ikafunguka mbele yake, na juu yake maneno: Kwa Mehrez, apige vizuri zaidi.

"Umekiweka?"

"Nimekiweka."

"Hukuuliza kitu?"

"Sikuuliza kitu."

Upande wa pili wa simu Olfa alikuwa analia, lakini alimwambia ni mafua.

Wiki iliyofuata Bi Zohra, mama yake Mehrez, alikwenda Bardo kumposea mwanawe. Mzee Tahar, baba yake Olfa, fundi mstaafu wa reli, alimkubali. Ikapangwa Jumapili ya mwisho wa Oktoba, baada ya alasiri, familia mbili zikutane, isomwe Fatiha na uchumba uwe halali mbele ya watu.

Mtu mwingine angetulia hapo. Mehrez alitulia siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, Jumatano, alikuwa amekaa chumbani kwake na udi wake mapajani, programu iko wazi mbele yake, inafanya kazi kama saa, na ndani ya kichwa chake sauti ndogo ikamuuliza: kairekebishaje? Mimi ilinishinda mara tatu. Yeye kaweza vipi? Haukuwa wivu bado, ulikuwa udadisi tu, na udadisi kwa mtu kama yule ni mlango wa nyuma. Aliweka udi kitandani. Kuna njia ya kuitazama programu iliyokwisha kujengwa na kuyatoa maneno yoyote yaliyosalia ndani yake. Akafanya hivyo, maneno yakamwagika kwenye kioo, na katikati yake akaona mstari huu:

/home/wajdi/zawadi

Alisoma mara moja, akasoma tena. Kwenye Linux kila mtumiaji ana chumba chake, na chumba huitwa kwa jina la mwenyewe. Programu inapojengwa, mara nyingi hubaki na anwani ya chumba ilimojengwa, na mjengaji asipokuwa mwangalifu huiacha humo bila hata kujua. Zawadi yake, ya mtu mmoja tu duniani, ilikuwa imejengwa chumbani kwa mwanamume anayeitwa Wajdi. Akatafuta saa ya kujengwa. Ijumaa, saa kumi na moja na dakika nane jioni. Ijumaa ile Olfa hakupokea simu yake, akasema baadaye kwamba alikuwa kwa daktari wa meno.

Damu ikampanda. Alipiga simu.

"Laazizi wangu," Olfa aliitika kwa furaha, "nilikuwa nakuwaza. Mama yako anapenda baklawa za lozi au za..."

"Wajdi ni nani?"

"Wajdi?"

"Olfa. Nimekuuliza. Wajdi ni nani?"

"Nani kakuambia habari za Wajdi?"

Kati ya majibu yote duniani alichagua hilo, na lilikuwa baya kuliko yote.

"Kumbe zipo habari!" Mehrez alifoka. "Kaniambia mwenyewe! Jina lake limo ndani ya zawadi yangu! Ulikwenda kwake Ijumaa ukanidanganya meno!"

"Meno yangu yalikuwa yanauma kweli! Umekwenda kuifungua zawadi yangu, Mehrez? Umeipasua tumbo?"

"Jibu swali."

"Kesho saa nne, mkahawani. Kwenye simu sitakujibu, kwa sababu nikikujibu sasa hivi nitakutukana." Akakata.

Mehrez alikula chakula cha jioni bila kujua amekula nini. Alimwona Wajdi waziwazi: mrefu, mabega mapana, anapiga udi vizuri. Alimtengenezea mpaka sauti.

Kesho yake Olfa alifika amevaa koti jeusi, nywele kazifunga kwa nyuma, bila hata wanja. Mhudumu alileta kapusini, akaona nyuso zao, akarudi haraka bila kutabasamu.

"Wajdi alikuwa mchumba wangu," Olfa alianza. "Tulisoma pamoja. Ghala tulilianza wote wawili. Miaka sita sasa tangu aende Ujerumani, uchumba ukafa huko huko. Aliniachia kompyuta kubwa, ile iliyo chini ya meza yangu. Ndiyo inayojenga vifurushi vyote. Jina la chumba ni lake, na maelekezo yote ya ghala yameandikwa kwa jina hilo. Nikilibadilisha, naanza upya vifurushi elfu moja na mia nne. Nimebaki na mashine. Mtu sikubaki naye."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa mashine ilikuwa inafanya kazi peke yake. Niliipa amri mchana, nikaenda kung'olewa jino. Wewe unayejenga kila siku, hujui kwamba mashine haihitaji mtu wa kuishika mkono?"

Mehrez alijua. Alijua vizuri sana, ndiyo maana aliona aibu, na aibu yake ikageuka hasira nyingine.

"Mbona hukuniambia miezi yote hii?"

"Kwa sababu niliona unavyomtazama huyu wa kahawa! Mtu anaona wivu na meno ya mhudumu, nimwambie nilikuwa na mchumba?"

"Mnaandikiana?"

Olfa alishusha pumzi. "Ndiyo. Mambo ya ghala. Na salamu."

"Nionyeshe."

"Nini?"

"Barua. Zote. Tangu aondoke. Olfa, mimi siingizi nyumbani kwangu kitu ambacho sikukisoma. Ndivyo nilivyo, unanijua."

Olfa alisukuma kikombe pembeni. Aliposema, sauti ilikuwa chini kabisa.

"Ile kompaila yako, ule mtambo unaogeuza msimbo wako uwe programu. Uliusoma?"

"Hayo si..."

"Uliusoma, Mehrez? Wa kwanza kabisa, uliotumia kuijengea mingine yote, uliujenga wewe? Ulikujia tayari. Kuna mtu usiyemjua aliufunga akakupa, nawe ukauamini, ndipo ukaanza kujisifu kwamba humwamini mtu. Mgeni yule umempa, mimi unaninyima?"

Mwenye wivu akikosa la kujibu hurudia swali.

"Nionyeshe barua."

Olfa alisimama, akavaa mkoba wake begani. "Sawa. Utazipata leo, zote, sijapunguza hata nukta. Sasa nisikilize. Ukizifungua, Jumapili usije. Usinipigie, usimtume mama yako. Ukiweza kuzifuta bila kuzisoma, njoo, na tutakaa mpaka tuzeeke. Sitakukagua. Utakachoniambia ndicho nitakachoamini."

Saa nane mchana faili likafika. Miaka sita ya barua ndani ya kifurushi kimoja kidogo.

Alhamisi alilishinda. Ijumaa alilihamisha, akalificha ndani ya folda ya nyimbo, kana kwamba hatakumbuka alikoliweka. Alipokwenda kusali alimwomba Mungu amsaidie, akatoka msikitini akijiuliza kama Wajdi naye husali, na kama Olfa alimpenda kwa hilo. Kumpenda Olfa kulikuwa kumemfanya mtu mwema mara moja katika maisha yake, asubuhi ile ya Septemba. Aliutaka ule wema urudi, lakini haukuja ulipoitwa.

Jumamosi adhuhuri Bi Zohra alikuwa jikoni anapanga baklawa kwenye trei mbili, anaimba. Nyumba ilinukia lozi na maji ya maua ya mchungwa.

"Mehrez!" aliita. "Suti umeijaribu?"

"Nakuja, mama!"

Tarehe tu, Mehrez alijiambia. Nitaangalia tarehe, nione wanaandikiana mara ngapi, sitasoma. Akafungua. Barua mia moja na kumi na mbili. Akaangalia tarehe. Kisha akasoma kichwa cha barua moja, kisha mstari wa kwanza, na baada ya hapo alizisoma zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, wala hakuijaribu suti.

Hakukuwa na kitu. Wajdi alilalamikia mkate wa Wajerumani. Olfa alimwuliza habari za funguo za kutilia saini vifurushi. Wajdi alioa, akapata mtoto wa kike, akatuma picha yake. Miaka miwili nyuma, kabla ya kuoa, aliandika mara moja kwamba anajuta, na Olfa akamjibu kwa mistari mitatu yenye adabu inayofunga mlango. Mehrez alianza kujisikia mwepesi. Alicheka peke yake. Kisha akafika kwenye barua ya mwisho, ya mwezi wa Septemba, ambayo Olfa aliandika hivi:

*Wajdi, nitaolewa. Ni mtu asiyeamini programu yoyote duniani. Anajenga kila kitu mwenyewe, hata saa ya ukutani angeijenga. Na ana wivu mpaka unachekesha, wakati mwingine unatisha. Lakini asubuhi ya leo nilimpa kitu nilichokijenga mimi, nikamwambia akiweke bila kuuliza, na akakiweka. Mtu kama wewe angefanya hivyo bila kufikiri, na isingekuwa na maana yoyote. Yeye najua kilimgharimu nini. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kikubwa namna hiyo. Kwa hicho kimoja nitaishi naye.*

Mehrez aliisoma mara nne. Jikoni mama yake alikuwa bado anaimba.

Jumapili alivaa suti ya kijivu na tai ya bluu, akabeba trei moja, Bi Zohra akabeba nyingine, wakashuka kwenye teksi mbele ya nyumba ya Mzee Tahar. Olfa alifungua mlango mwenyewe. Alivaa gauni refu la kijani kibichi lenye uzi wa fedha kifuani, midomo ameipaka rangi kidogo, na macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alimbusu Bi Zohra mashavuni, akampisha apite. Kisha akabaki na Mehrez kwenye ukumbi mwembamba, trei iko katikati yao.

"Ulizifungua?" alinong'ona.

"Sikuzifungua."

Uso wa Olfa ulibadilika mbele ya macho yake. Alifumba macho, akayafumbua, akacheka bila sauti, akamgusa mkono chini ya trei.

"Nilikuwa najua," alisema. "Kwa nini nimelia siku tatu, mjinga mimi? Ingia, roho yangu, wanakungoja."

Sebuleni walikuwa wamejaa: shangazi, wajomba, majirani wawili, wote wamekaa kwenye makochi ya ukutani wakinywa chai ya mnanaa yenye njugu za msonobari. Wazee wakataniana kuhusu mahari, Bi Zohra akasifiwa kwa baklawa zake, Olfa akakaa karibu na baba yake akimtazama Mehrez waziwazi, bila haya, kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi ngumu. Mehrez hakuweza kumtazama.

"Basi tusicheleweshe la kheri," alisema mjomba mkubwa. Akainua mikono, viganja juu. Sebule nzima ikainua mikono. Mehrez naye akainua yake.

Mjomba akavuta pumzi ya kuanza.

Mehrez akashusha mikono.

"Nilizifungua, Olfa," alisema. "Nimesoma zote. Mpaka ile ya Septemba."

Hakuna aliyeelewa ila mmoja. Bi Zohra alimvuta mkono wa suti. "Mwanangu, unasema nini? Inua mikono!"

"Kafungua nini?" Mzee Tahar aliuliza. "Olfa, kafungua nini huyu?"

Olfa alikuwa bado ameinua mikono yake. Aliitazama, akaikunja polepole juu ya mapaja.

"Wazee wangu," alisema, na sauti haikutetemeka, "nisameheni. Shusheni mikono."

Walitoka na trei zao mbili, moja haijaguswa. Bi Zohra alikuwa analia na kumtukana mwanawe kwa pamoja, hakujua aanze na lipi. Walikuwa wamefika kwenye kona simu ya Mehrez ilipolia.

"Kwa nini ulisema?" Olfa aliuliza. Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake na mlango ukifungwa. "Nilikuwa nimekwisha kukuamini. Nisingejua maisha yangu yote."

"Ndiyo maana."

Aliiweka trei yake juu ya ukuta wa kona.

"Nakupenda, Olfa. Nipe nafasi. Nitafuta kila kitu, sitauliza tena, nakuapia..."

"Usiape. Nakupenda na mimi, hilo silo lililokosekana." Kisha akasema kwa upole uliomuumiza kuliko tusi: "Uongo wako ulidumu nusu saa, Mehrez. Ilikuwa nusu saa nzuri sana. Sijawahi kufurahi hivyo. Nenda na mama yako."

Simu ikakatika. Mehrez alisimama nayo sikioni. Wakati huohuo gari jeupe likasimama mbele ya nyumba ya Mzee Tahar, akashuka kijana mmoja aliyevaa shati safi, boksi la keki mkononi, huenda ni binamu aliyechelewa na asiyejua kwamba shughuli imevunjika. Akapanda ngazi mbili, akabonyeza kengele, akajitengeneza nywele.

"Twende, mwanangu," Bi Zohra alisema. "Si wako tena wa kumwangalia."

"Nakuja, mama," Mehrez alisema, lakini hakuondoka. Alikuwa anangoja aone nani atamfungulia mlango.